Samaki Hawasomi Kalenda

Februari 24

Ameteuliwa mdogo wangu. Nimeiandika sentensi hiyo ili nione kama itauma kidogo ikiwa karatasini. Inauma vilevile.

Wizara inataka tathmini ya namna mabadiliko ya tabianchi yanavyouathiri uvuvi wa ziwa letu. Kiongozi wa tathmini hatakuwa mimi, mkuu wa kituo cha utafiti, mwanamke aliyezeekea humu hadi kuta zinakijua kikohozi chake. Atakuwa kitindamimba wa mama yangu, mtoto aliyekuwa akilia akiona samaki anarukaruka kwenye beseni.

Mkurugenzi wa wizarani amenipigia simu kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani. "Utampa ushirikiano, mama. Si ni damu yako?"

Damu yangu, ndiyo. Ndiyo maana inachemka.

Februari 26

Mama amefua mapazia. Ninaishi naye nyumba hii tangu baba alipofariki, na sijawahi kufuliwa pazia.

Machi 1

Amefika na kompyuta mbili, sanduku la vipimajoto vya kuzamisha majini, na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwenda kupasua samaki!

"Mwanangu umekonda!" Mama amepiga yowe mlangoni. "Huko hawakulishi?"

Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Walikuwa wakibahatisha. Mimi nimesimama jikoni nikala mkate nusu nzima bila chai, na sketi inanibana.

Chumba changu cha vitabu kimekuwa chumba chake. Si mimi niliyeamua. Nimehamisha mafaili yangu chini ya kitanda, na yeye akaja kunisaidia, akanikumbatia nikiwa nimeyabeba.

"Dada, hujabadilika hata kidogo."

Kwa mtu anayelipwa kupima mabadiliko, hiyo si sifa.

Machi 4

Nimempeleka mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki. Kwa watu wa pale sina jina, mimi ni Kufuli. Wamenipa lakabu hiyo tangu niliposhinda vita vya kulifunga ziwa kila mwaka, Aprili mosi hadi mwisho wa Juni, samaki watage bila bughudha. Niliandika makala gazetini mpaka mhariri akaniomba nipumzike. Nilitukanwa, nikatukana. Waziri mmoja aliniita kichaa, nami nikamjibu kwamba kichaa anayesoma ni bora kuliko mwenye akili asiyesoma. Sheria ikapita. Kifungu kimoja niliking'ang'ania mwenyewe: hakuna nyavu majini katika miezi hiyo, hata za watafiti. Enzi zile kila kigogo aliyetamani samaki alikuwa "mtafiti."

Basi leo tumepasua matumbo, kazi niijuayo kuliko kusuka nywele zangu. Majike yamejaa. Ukimbonyeza mmoja kidogo tu, mayai yanamtoka kama uji wa dhahabu.

"Umeona?" nikamwambia. "Wameiva. Mwezi ujao tunafunga, wanataga kwa amani. Sheria inafanya kazi."

Aliandika kitu, akambonyeza mwingine, akaandika tena, akiwachekea wachuuzi waliomzunguka. Nahodha wetu, tunayemwita Domo kwa sababu zinazoeleweka akishafungua mdomo, akamtazama, kisha akanitazama.

"Kufuli, kweli huyu ni mdogo wako? Mbona anacheka?"

Mwalo mzima ukaangua kicheko. Na yeye akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko chake ni cha baba.

Machi 5

Mvua hakuna. Mama amemuuliza mara mbili kama godoro ni laini. Ni godoro langu la zamani. Mimi sikuwahi kuulizwa.

Machi 9

Amezamisha vipimajoto vyake ghubani, kwenye mazalia, na jioni ametuonyesha kwenye kompyuta, huku tukila, mstari wa joto la miaka ya karibuni uliopimwa na setilaiti. Amechukua vipimo vyangu vya zamani, nilivyopima kwa mkono nikiwa kijana mwenye kiuno, akavilaza chini ya vyake. Joto la maji lililokuwa likifika mwishoni mwa Aprili siku hizi linafika kabla Februari haijaisha.

"Na joto ndilo linalowaambia wakati umefika," alisema. "Dada, tuseme hawasubiri Aprili tena. Tuseme wanataga sasa hivi, Machi, wakati nyavu zote ziko majini. Hao tuliowabonyeza juzi hawakuwa wakijiandaa kutaga. Walikuwa njiani kwenda kutaga."

"Julai tukifungua ziwa, matumbo huwa matupu," nikamwambia. "Nimeyapasua mwenyewe kila mwaka. Maana yake walitaga ziwa likiwa limefungwa."

"Au kabla halijafungwa. Tumbo tupu halisemi lilimwagika lini."

Ninaijua sentensi nzuri nikiisikia, na hii ilikuwa nzuri. Nikamwonea wivu hata wa sentensi.

Kisha akauliza, kwa upole ule wa watu wanaojua jibu: "Tangu sheria ianze, kuna mtu aliyewahi kupasua samaki mwezi wa Aprili? Au Mei?"

Hakuna. Hawezi kuwapo. Kifungu changu kinakataza. Kila Machi tunaona mayai, tunasema wanakaribia. Kila Julai tunaona matumbo matupu, tunasema wametaga. Katikati tumefunga mlango, na ushahidi umefungiwa ndani.

"Kula, chakula kinapoa," Mama alisema. Alikuwa akimwambia yeye.

Machi 11

Ameomba kibali. Wavu mmoja, ghubani, Aprili, kutegwa mara chache tu. Sahihi inayotakiwa ni ya katibu wa kamati ya hifadhi ya ziwa. Katibu ni mimi.

"Sheria ni sheria," nikamwambia ofisini kwangu.

"Ni sheria yako."

"Ndiyo maana naijua."

"Kamati inaruhusiwa kutoa msamaha wa mara moja. Nimesoma."

"Umesoma vizuri. Sasa soma na uso wangu."

Akausoma. Akaokota karatasi zake polepole. "Dada, nikikosa samaki wa Aprili, kwenye tathmini nitaandika kwamba hakuna ushahidi. Na tarehe zitabaki zilivyo miaka kumi mingine. Kama niko sahihi, kufikia hapo hakutakuwa na cha kufungia ziwa."

Nikamwambia afunge mlango akitoka.

Nyumbani Mama alikuwa ameshasikia. "Mpe mwenzio," akasema, bila kuinua macho kwenye mboga anazokata. Mpe mwenzio! Nimeambiwa maneno hayo kuhusu kiti cha dirishani, kuhusu gauni la bluu, kuhusu mgongo wa baba. Mwenzangu amepewa kila kitu nilichokuwa nacho, sasa anataka na ziwa.

Machi 12

Sijasaini.

Machi 16

Mhudumu wa ofisi amempelekea chai mezani. Mimi huifuata mwenyewe, na kikombe nakiosha mwenyewe. Vijana wa maabara wamebandika mistari yake ukutani. Wanauliza maswali ambayo mimi hawajaniuliza, na mmoja alisema "Dokta" kwa sauti ya mtu anayeonja asali. Mimi pia ni daktari wa falsafa, ila huitwa "mama" kama muuza vitumbua.

Machi 20

Makala yangu imetoka. Nimeandika kwamba hali ya hewa imegeuka jalala: kila mzembe anatupia humo uchafu wake. Nyavu zenye matundu madogo? Hali ya hewa. Viwanda kumwaga sumu mtoni? Hali ya hewa. Ofisa anayelala usingizi wakati ghuba inaporwa? Maskini, ni hali ya hewa! Na siku hizi, nikaongeza, wametuletea wataalamu wa kompyuta wanaoweza kuona samaki wa kesho lakini hawawezi kuona mwizi wa leo.

Ni makala nzuri, na kila neno ndani yake ni kweli. Ndivyo uongo wa watu waliosoma unavyotengenezwa, kwa maneno ya kweli yaliyopangwa pembeni ya jambo lenyewe.

Aliisoma kwenye chai ya asubuhi. Nilikaa nikisubiri vita, makucha yote nje.

"Imeandikwa vizuri sana, dada," akasema. "Mimi siwezi kuandika hivi." Akapaka siagi mkate wake.

Duniani hakuna silaha chafu kuliko hiyo.

Machi 31

Siku ya mwisho kabla ya kufunga. Kila boti lililoweza kuelea lilikuwa majini, na lilirudi limejaa hadi midomoni. Nilikwenda peke yangu kuangalia. Nilipokuwa nikipita kati ya mabeseni niliteleza, nikashika nguzo. Nikatazama chini.

Mayai. Sakafu yote ya saruji imepakwa mayai, yamekanyagwa na viatu, yamekwama kwenye nyufa. Mwanamke mmoja alikuwa akimwaga maji kwa ndoo kuyasukuma kwenye mfereji, akiimba. Nimeiona sakafu hiyo kila mwaka siku kama hii. Kila mwaka nimesema, afadhali kesho tunafunga.

Leo sikuweza kusema hivyo.

Sikumwambia yeye. Nikimwambia atanikumbatia.

Aprili 1

Nimelifunga ziwa. Nimetoa hotuba ileile. Hakuna aliyepiga makofi ila mdogo wangu.

Aprili 3

Mvua imeanza, wakati kila mtu ameshachoka kuingoja.

Aprili 8

Nilikuwa kwenye ujia nimebeba beseni la nguo nilipowasikia jikoni. Anaandika sehemu ya mwisho ya tathmini: kuhusu wakati wa kutaga, hakuna ushahidi wa kutosha.

"Nifanyeje, Mama? Dada ananichukia, na ziwa ni lake."

"Dada yako hakuchukii. Anakuonea wivu. Ulipozaliwa alikuja hospitali, akakuangalia weee, kisha akaniuliza kama wanakubali kurudisha."

Akacheka, kile kicheko cha baba.

"Ila ni mkaidi, si mjinga," Mama akaendelea, kwa sauti ya juu. Mama hupaza sauti hivyo anapotaka ukuta usikie. "Mjinga ningeshamwombea. Mkaidi namsubiri tu."

Nikarudi na beseni langu nilikotoka.

Aprili 10

Nimesaini. Asije mtu akaniita mwema. Nilitaka nimwone akikosea kwa macho yangu. Nimeweka sharti: na mimi naingia botini, na matumbo nayapasua mwenyewe. Sitaki vijana wa maabara wamwone samaki mtupu kwa sababu tu Dokta anamtaka awe mtupu.

"Sikutaka mwingine apasue," akasema. "Hakuna anayepasua kama wewe."

Sijui kama ilikuwa sifa au kitanzi.

Aprili 12

Tulitoka asubuhi, mvua ya manyunyu, watatu tu: mimi, yeye, na Domo kwenye usukani. Ghuba tupu bila boti hata moja. Niliwahi kuitamani picha hiyo kuliko bwana. Wavu ulikuwa umelala ndani ya maji, tukauvuta.

Jike la kwanza. Nikachana kutoka nyuma kwenda kichwani, nikafungua. Mfuko wa mayai ulikuwa umenywea, mwekundu, legelege kama puto la jana. Ameshataga, na si jana wala juzi, kwani mfuko ulianza kupona.

"Mmoja," nikasema. "Mmoja si kitu."

Wa pili vilevile. Wa tatu. Nikaacha kusema namba. Baada ya wengine kadhaa nilipata mmoja mwenye mayai na moyo wangu ukaruka kama wa msichana, lakini yalikuwa machache, yaliyobaki nyuma, yanayofyonzwa na mwili kwa kuwa hayana kazi tena. Mikono yangu ilianza kwenda mbio. Nilikuwa nikichana vibaya, mimi!

"Kufuli," Domo akaita, "unatafuta nini humo? Pete?"

"Endesha boti lako."

"Boti limesimama, mama."

Mdogo wangu alinipa samaki mwingine, na mwingine, kama nesi anayempa daktari mikasi. Walipokwisha akachukua wavu mdogo wenye matundu membamba, akaupitisha kandokando ya matete, akaumimina kwenye ndoo, akaniwekea ndoo miguuni.

Vifaranga. Mamia, wanang'aa, warefu kama kidole changu kidogo. Kifaranga hafiki urefu huo kwa majuma mawili. Hawa walikuwa wameanguliwa wakati mimi nateleza kwenye mayai ya mama zao, au kabla. Ni watoto wa wachache waliofaulu kupita katikati ya nyavu za Machi. Nyavu halali. Nyavu ambazo tarehe yangu iliziruhusu.

Mdogo wangu hakusema "umeona?" Mimi ningesema. Mimi ningeisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo.

"Sema," nikamwambia.

"Niseme nini?"

"Sema ulikuwa sahihi. Usinifanyie heshima, sema!"

"Dada, na wewe ulikuwa sahihi. Uliwafungia wakati wao. Maji yakapata joto, wakahama wakati. Samaki hawasomi kalenda."

Domo akasafisha koo, akatazama matete kwa bidii, mtu ambaye hajawahi kunyamaza maishani.

Niliosha mikono muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nikaona kitu ambacho nitakiandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayenisoma. Nilikuwa nikidhani namwonea wivu wa cheo, na wa mapazia, na wa chai ya mezani. Kumbe kilichoniuma pale botini kilikuwa kingine: kwamba kazi ya maisha yangu imepitwa na wakati, na aliyeligundua ni yeye. Hata hilo angeniachia mwenyewe.

Aprili 13

Sikutoka chumbani. Mama amegonga, nimenyamaza. Mdogo wangu amegonga, nimejibu: "Sipo."

Aprili 21

Tathmini inapendekeza ziwa lifungwe katikati ya Februari hadi mwisho wa Aprili, na tarehe zikaguliwe kila mwaka kwa joto la maji na matumbo ya samaki. Machi ndio mwezi mnono wa wavuvi. Nimemwambia watamla mbichi.

"Takwimu ziko wazi," akasema.

Masikini. Takwimu!

Aprili 29

Mvua, mvua. Paa la maabara linavuja juu ya mistari yake ukutani. Nimewaambia vijana waihamishe. Nimeihamisha mwenyewe, walikuwa wanachelewa.

Mei 2

Mkutano ulikuwa kwenye ghala la mwalo. Ghala lilijaa, na waliokosa nafasi walisimama madirishani. Mimi nilikaa nyuma kabisa, na chupa ya maji.

Mdogo wangu aliwasha projekta, akaeleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama anaongea na wenzake wa chuo. Mwenyekiti wa wavuvi, jitu la kifua kipana lenye sauti ya kuamsha watoto, alimwacha amalize.

"Bibie, maneno yako mazuri," akasema. "Lakini Machi ndio mwezi wetu. Unatuambia tulale njaa kwa ajili ya kipimajoto?"

Ghala likalipuka. "Aende akafunge bafu lake!" "Jana hajui samaki, leo anajua mimba zao!" Yeye alisimama pale, akipekua karatasi zake, akitafuta mstari wa kuwaonyesha. Na mimi, Mungu anaona, nilifurahi. Kwa muda wa kumeza mafunda mawili ya maji, nilifurahi hadi vidole vya miguu.

Kisha mwenyekiti akainua mkono. "Kufuli yuko wapi? Kufuli aseme. Yule tunamchukia, lakini hajawahi kutudanganya."

Nikasimama. Mdogo wangu akanitazama, na nikaona machoni mwake kwamba hajui nitasimama upande gani. Hata mimi sikujua mpaka mdomo ulipofunguka.

"Kuna mtu," nikasema, "anayewafungisha ziwa wakati samaki wameshazaa. Kila mwaka anawawekea mlinzi kwenye mlango wa wodi ya wazazi, na mzazi keshatoka, mtoto keshaota meno! Mnakaa njaa Mei bure. Mnakaa njaa Juni bure. Na Machi mnaua waja wazito, mnateleza juu ya mayai yao sakafuni. Mnaadhibiwa mara mbili kwa kosa lisilo lenu. Mtu huyo mnamjua. Ana mdomo, ana safu gazetini, ana kiburi cha kuvunjia nazi. Yuko mbele yenu. Mtukaneni, ngozi yake ngumu!"

Walinitukana kwa furaha. Mzee mmoja alinitukania hadi viatu. Nikawangoja wachoke.

"Mmemaliza? Sasa biashara. Nipeni Machi, niwape Mei na Juni."

"Juni yote?" mwenyekiti akauliza.

"Yote. Na huyu mdogo wangu atapasua samaki mbele yenu kila mwaka, miezi yote. Siku akiona wamehama tena, tarehe zinahama. Mkimwona anadanganya, mleteni kwangu, mimi ndiye adui yake wa kwanza."

Walicheka. Wakabishana juu ya wiki moja ya Februari kana kwamba ni shamba la urithi. Wakanyoosha mikono. Haikuwa yote, lakini ilikuwa mingi. Walipotoka walikuwa wakiimba "Kufuli! Kufuli!" na Domo ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya.

Mei 3

Asubuhi nimemkuta jikoni anaosha vikombe kwa vishindo. Redio ilikuwa imewashwa. Ilikuwa ikitangaza kwamba wavuvi wamelikubali "pendekezo la Kufuli."

"Utavunja hivyo vikombe," nikasema.

"Nitavinunua vingine!" Akageuka, povu hadi viwikoni. Sijawahi kumwona hivyo tangu utotoni. "Miaka miwili nimehangaika wizara ikubali tathmini hii, dada. Miaka miwili! Niliota siku ya kuisimamia mbele ya watu. Nikasimama, wakaniambia nikafunge bafu. Wewe ukasimama bila karatasi, bila mstari, ukajitukana, wakakuimbia. Mimi nikiwa sahihi nazomewa. Wewe hata kukosea unapigiwa makofi!"

"Unanionea wivu?"

"Tangu nizaliwe! Ulidhani uko peke yako humu ndani?"

Mama, mlangoni na ufagio wake, akasema, "Haya, sasa mko sawa," akaenda zake kufagia uani.

Nilichukua kitambaa nikasimama kando yake, nikaanza kufuta vikombe, uso nimeugeuzia dirishani asinione. Nilijisikia vizuri kiasi cha aibu. Tathmini ni yake. Ghuba itafungwa Februari kwa kazi yake, na vifaranga watakaopona ni wake. Lazima redio waseme hivyo, nami nitawapigia simu wasahihishe, nitaje jina lake na cheo chake chote.

Nitawapigia baada ya taarifa ya habari ya saa saba. Niisikie mara moja tena.